Betri, rektifaya au koili: pikipiki isipochaji, hela iende wapi?

Dalili zake kila mwenye bodaboda anazijua. Jioni honi inaanza kukohoa, indiketa zinapepesa kivivu, na asubuhi ukibonyeza selfu unasikia tk-tk-tk tu. Unapiga kiki, injini inawaka, unaenda zako kazini. Siku ya tatu mtu kijiweni anakwambia, "Kaka, hiyo betri imekwisha, badilisha," nawe unabadilisha.

Mimi nilibadilisha mara mbili ndani ya miezi minane. Fundi aliyenifungia ya pili alinipa maelezo yaliyonitosha kwa wakati ule: betri za siku hizi hazidumu. Ya tatu nilikuwa nimeshaishika mkononi dukani ndipo muuza spea, mzee mmoja mpole, aliponiuliza, "Mwanangu, chaji umepima?" Sikuwa nimepima. Tulipopima, betri haikuwa na kosa lolote. Soketi inayounganisha nyaya za koili na rektifaya ilikuwa imeungua hadi plastiki yake nyeupe ikawa rangi ya kahawa. Ugonjwa wa soketi ya bei ya soda nilikuwa nimeutibu kwa betri mbili.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikipima kwanza, pikipiki yangu na za jamaa zangu. Hapa nalinganisha njia za kupima, kisha vipuri vitatu vinavyosingiziwa kila siku, na kwa kila kipuri kama ni bora kutengeneza, kununua kopi au kununua og, yaani ile halisi ya kampuni.

Umeme unatoka wapi

Chini ya kava la injini kuna magneti, lile bakuli zito la chuma linalozunguka pamoja na shafti. Ndani yake kuna koili zilizotulia. Magneti ikizunguka, koili zinatoa umeme geu, unaobadili mwelekeo mara nyingi kwa sekunde, na volti zake zinapanda kadiri unavyovuta resi. Betri haiwezi kuula umeme huo ukiwa mbichi. Rektifaya, ambayo mafundi wengine wanaiita regyuleta, inafanya kazi mbili: inaunyoosha uende upande mmoja, na inauzuia usizidi volti 14 na nusu hivi. Ndipo unapita kwenye fyuzi na kuingia betri.

Pikipiki hazifanani katika hili, na hapa ndipo mafundi wengi wanapoteleza. Pikipiki nyingi za Kichina zilifuata muundo wa Honda CG125, ile iliyoanza kutengenezwa miaka ya 1970 na ambayo wajukuu wake ndio wamejaa vijiweni kwetu. Hizo huwa na rektifaya ya nyaya nne: nyeupe kutoka koili ya chaji, njano ya taa, nyekundu ya kwenda betri na kijani ya ethi, yaani hasi inayopitia fremu. Zinatumia nusu tu ya wimbi la umeme, na taa kubwa ya mbele inakula moja kwa moja kutoka kwenye magneti. Ndiyo maana ukisimama kwenye foleni inafifia, ukivuta resi inang'aa. Nyingine zina nyaya tatu za rangi moja, mara nyingi njano, kutoka kwenye koili. Hizo ni za fezi tatu, zina nguvu zaidi, na kwa kawaida taa zake zinategemea betri. Kujua ya kwako ni ya aina gani, angalia soketi ya rektifaya na uhesabu nyaya. Rangi peke yake usiziamini sana, maana kila kampuni ina zake, na pikipiki ikishapita mikononi mwa mafundi watano waya wa kijani unaweza kuwa umeungwa na mwekundu.

Kupima: njia tano, moja yake ni ya kuacha kabisa

Naanza na ya kuacha. Injini inaunguruma, fundi anachomoa kichwa cha betri, injini isipozima anatangaza kwamba chaji ipo. Umeiona, nimeiona. Shida ni kwamba pikipiki nyingi ndogo zina CDI, kile kisanduku kinachotoa cheche ya plagi, ambayo inalishwa na koili yake yenyewe kwenye magneti, kwa hiyo zitaendelea kuunguruma bila betri hata kama chaji imekufa mwaka jana. Jaribio halijakwambia kitu. Na kwa zile ambazo CDI inalishwa na betri, au zenye dashibodi ya kidijitali, kuchomoa betri injini ikiwaka ni sawa na kuondoa godoro mtu akiwa anaruka. Betri ndiyo inayomeza mipigo ya volti. Ikiondoka, volti zinaruka juu na kuondoka na balbu, CDI, wakati mwingine rektifaya yenyewe. Fundi akikunyooshea spana kwenye terminali na injini inawaka, mshike mkono kwa heshima.

Kutazama taa ya mbele kunasaidia kidogo, lakini kwa pikipiki za rektifaya ya nyaya nne kunadanganya: taa inaweza kung'aa vizuri kabisa wakati betri haipati hata tone. Kwa hizo tazama taa ya breki au indiketa, ambazo kwa kawaida hula betri.

Balbu ya majaribio, yaani balbu ya indiketa ya wati 10 iliyochomelewa nyaya mbili, inadharauliwa bure. Ina jambo moja inaloishinda mita. Waya ulioliwa na kutu ndani ukabaki unagusana kwa shida utaonyesha volti 12 kwenye mita, kwa sababu mita haivuti mzigo. Ukiweka balbu kwenye waya huohuo, inawaka kama kaa la mkaa linalozimika. Hapo unajua.

Vile vichaji vya USB vya kufunga kwenye usukani vyenye kioo cha kuonyesha volti navipenda kwa jambo jingine. Havikwambii kibovu ni kipi, ila vinakuonyesha volti ukiwa barabarani, na tatizo la kuja na kuondoka utalinasa hivyo tu. Kifunge kwenye waya unaopita swichi. Ukikifunga moja kwa moja kwenye betri kitainyonya usiku kucha.

Ukinilazimisha nichague kimoja, nachukua mita ya kidijitali, ile ndogo ya manjano inayouzwa kwa bei ya chini ya betri yoyote. Haihitaji kuwa ya kifahari. Inapima volti za betri, volti za umeme geu, na inapima diodi, vile vidude ndani ya rektifaya vinavyopitisha umeme upande mmoja tu. Udhaifu wake ni kwenye ukinzani mdogo: koili ya chaji ya fezi tatu ina omu chini ya moja, na mita ya bei rahisi hapo inabahatisha. Gusanisha ncha zake mbili kwanza, iandike namba inayotokea, kisha uitoe kwenye kipimo chako.

Namba zinazokwambia nani mwenye kosa

| Unapopima | Nzuri | Mbaya, na wa kushukiwa |
|---|---|---|
| Betri asubuhi, swichi imezimwa | 12.6 hadi 12.8 | 12.2 ni nusu, 12.0 imekaribia kuisha. Ikiganda kwenye 10.5 hivi baada ya kuchajiwa, chumba kimoja kimekufa |
| Betri ukibonyeza selfu | haishuki chini ya 9.6 hivi | inaporomoka hadi 7 au 8: betri |
| Betri, injini ikiwaka, resi ya kati | 13.5 hadi 14.8 | chini ya 13: rektifaya, koili au nyaya, juu ya 15: rektifaya au ethi yake |
| Nyaya za koili, soketi imechomolewa, mita kwenye V yenye kiwimbi | zinapanda na resi; kwa fezi tatu, vipimo vitatu vinakaribiana | hazipandi, au kimoja kiko chini sana: koili |

Mstari wa tatu ndio unaotakiwa uanze nao, na usiupime injini ikiwa slo, yaani inaunguruma bila kuvutwa resi. Magneti ndogo ikiwa slo, taa zimewashwa, inaweza kuonyesha 12.5 na isiwe na kasoro yoyote. Vuta resi iwe kama unatembea kilomita 50 kwa saa kwa gia ya nne, ndipo usome.

Ukipata 14.2, mfumo wa chaji ni mzima na mjadala unarudi kwa betri, au kwa kitu kinachoinyonya usiku. Ukipata 12.3 inayozidi kushuka, betri haipati kitu. Usikimbilie kununua rektifaya bado. Chomoa soketi ya koili, pima umeme geu. Kwa fezi tatu unapima waya wa kwanza na wa pili, wa pili na wa tatu, wa kwanza na wa tatu. Resi ikipanda unaweza kuona volti 40, 50 na zaidi, kwa hiyo vidole viwe mbali na chuma. Vipimo vitatu vikikaribiana, koili ni nzima na kosa liko mbele yake. Kimoja kikiwa 12 na vingine 45, koili ndiyo.

Kuna mtego mmoja ambao nimeona ukitupa koili nzima jalalani. Vitabu vinasema koili ikigusana na ethi imekufa. Ni kweli kwa fezi tatu. Lakini kwenye zile za nusu wimbi, ncha moja ya koili imefungwa ethi kwa makusudi tangu kiwandani. Ukipima utakuta imegusana, na hiyo ndiyo hali yake ya afya. Hesabu nyaya kwanza ndipo uhukumu.

Mtego wa pili: betri iliyokufa kabisa inaweza kuifanya rektifaya nzima ionekane mbovu, kwa sababu volti zinarukaruka bila mtu wa kuzituliza. Kabla ya kutoa hukumu, azima betri nzima ya jirani hapo kijiweni kwa dakika kumi, upime tena.

Na kabla ya vyote hivyo, soketi. Fanya hesabu ndogo: mkondo wa ampea 5 ukipita kwenye kiungo chenye ukinzani wa nusu omu kasoro kidogo, tuseme 0.4, unapoteza volti 2 hapohapo, na wati 10 za joto zinabaki ndani ya kijiplastiki kidogo kuliko kiberiti. Ndiyo sababu kinageuka kahawia. Volti 14 zilizotoka kwenye rektifaya zinafika betri zikiwa 12, na betri ndiyo inayolaumiwa. Pima kati ya waya mwekundu wa rektifaya na chanya ya betri injini ikiwaka: ukiona zaidi ya volti 0.3, fuata njia hiyo hadi ukikute kiungo kinachopasha. Fanya vilevile upande wa hasi, kati ya bodi ya rektifaya na hasi ya betri. Rektifaya iliyofungwa juu ya rangi mpya ya fremu mara nyingi haina ethi ya kueleweka.

Kwa soketi iliyoungua kuna njia mbili, kukata na kuunga nyaya moja kwa moja kwa lehemu, au kununua soketi mpya yenye vipini vyake. Mimi naunga kwa lehemu na kufunika vizuri. Siku ya kubadili koili utakata, lakini siku hiyo iko mbali. Kusokota nyaya kwa mkono na kuzungushia tepu hakumo kwenye ulinganisho huu.

Betri: kuiokoa au kuinunua, ya maji au kavu

Betri iliyoshuka wiki moja kwa sababu chaji ilikuwa mbovu bado inaokoleka. Ichaji polepole kwa sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake: betri ya Ah 5 (ampea-saa 5) ipewe nusu ampea, usiku mzima. Chaja kubwa ya gari itaipika. Iache ipumzike saa kadhaa, kisha pima. Ikibaki 12.6 na selfu isiishushe chini ya 9.6, hujahitaji mpya. Ila ile iliyolala miezi mitatu uani ikiwa tupu, sahani zake zimeshaganda salfeti ngumu, na muda utakaotumia kuibembeleza una thamani kuliko betri.

Ya maji inadharauliwa kwa sababu inadai uangalizi. Maji yanapungua, unaongeza, na kosa la kudumu ni watu kuongeza tindikali. Kinachopotea ni maji, tindikali inabaki ndani. Ukiongeza tindikali unaifanya kali zaidi na sahani zinaliwa. Ongeza maji ya betri yaliyosafishwa, hadi mstari wa juu tu. Mpira wake wa kupumulia usikunjwe, wala usielekezwe kwenye mnyororo. Kwa upande mwingine, betri ya maji inasamehe. Rektifaya ikizidisha chaji, inachemka, inapungua maji, unaona mapema na unarekebisha. Betri kavu ikipewa volti 15 na nusu wiki mbili, inavimba kimyakimya na huna pa kuiongezea kitu.

Kavu inafaa kwa anayetembea njia mbovu, anayelaza pikipiki, au asiyekumbuka kufungua siti. Nami nimo kwenye kundi la mwisho, kwa hiyo natumia kavu, lakini baada ya kuhakikisha chaji haivuki 14.8. Ukinunua ile inayokuja na chupa zake za tindikali, mwambie muuzaji aimimine mbele yako, isubiri nusu saa, kisha uichaji kabla ya kuifunga. Madukani hatua hiyo ya mwisho inarukwa karibu kila siku, na betri inaanza maisha ikiwa haijawahi kujaa.

Za lithiamu ni nyepesi mno, inakuwa kama umeshika boksi tupu. Kwa bodaboda siioni faida yake. Inataka chaji safi isiyovuka 14.6, na inakuchanganya kwenye mita, kwa kuwa ikijaa inapumzika kwenye 13.2 hivi, na ukisoma 12.8 ukafurahi kwa mazoea ya betri ya kawaida, kumbe imekaribia kuisha. Waachie wenye pikipiki za mashindano.

Ukubwa pia una neno. Kwenye jina la betri za zamani namba inasema wazi: 12N5 ni Ah 5, 12N7 ni Ah 7, 12N9 ni Ah 9. Kwenye zile za YTX usisome hivyo, maana YTX5L ni Ah 4 na YTX7A ni Ah 6. Betri kubwa zaidi inakupa akiba ya selfu, lakini haiongezi chaji hata chembe. Debe kubwa zaidi, bomba lilelile.

Rektifaya: hapa kopi inaumiza

Rektifaya haitengenezeki. Imemwagiwa gundi ngumu ndani, ukiifungua umeiua. Kwa hiyo ni kununua, na swali ni ya namna gani.

Kopi ya bei ya chini unaitambua kwa uzito. Ishike pamoja na og, moja kila mkono. Kazi ya rektifaya ni kutoa joto nje, na kopi nyingi zina alumini nyembamba na mapezi mafupi. Itachaji vizuri siku ya kwanza, na wakati wa masika unaweza usijue tofauti. Januari jua likiwaka, na wewe umesimama kwenye foleni bila upepo, ndipo tofauti inapoonekana. Na ikifa kwa kuachia volti nyingi, haifi peke yake: inaondoka na betri na balbu. Ndiyo maana naweza kukubali kopi ya kioo cha pembeni au ya pedali, lakini kwenye rektifaya nanunua og hata kwa kusubiri wiki.

Njia ya katikati ni kuchukua rektifaya nzuri ya pikipiki nyingine yenye idadi ileile ya nyaya na aina ileile ya chaji. Inawezekana, na mafundi wazuri wanafanya. Masharti ni mawili. Ya nusu wimbi haichukui nafasi ya fezi tatu. Na mpangilio wa vipini lazima upimwe, usifananishwe kwa macho, kwa sababu soketi zinaweza kuingiana huku nyekundu ikiwa imekaa mahali pa njano.

Wenye pikipiki kubwa wana chaguo ambalo bodaboda hana haja nalo. Rektifaya ya kawaida inadhibiti volti kwa kuushoti umeme wa ziada kwenye ethi, kwa hiyo koili inafanya kazi kwa nguvu zote muda wote, hata ukiwa umezima kila kitu. Nyingine, kama SH775 ya Shindengen ya Japani, hukata mzunguko badala ya kuushoti, na koili inapumzika. Kama una pikipiki ya cc 600 iliyokwisha kuunguza koili, hapo ndipo pa kuweka hela. Kwa cc 125 au 150 ni kofia ya harusi shambani.

Ukiwa na mita, rektifaya ya fezi tatu iliyotolewa unaweza kuipima kwa alama ya diodi: kutoka waya wa koili kwenda mwekundu, upande mmoja isome kati ya 0.4 na 0.7, ukigeuza ncha isisome kitu. Ikisoma sifuri pande zote mbili imeshoti. Lakini jaribio hili linagusa nusu ya kazi tu. Udhibiti wa volti huwezi kuuona mezani, unauona injini ikiwaka, kwenye ule mstari wa tatu wa jedwali.

Koili: kusuka au mpya

Hapa kopi na og si maneno ya mwisho, kwa sababu tuna mafundi wa kusuka. Yule anayesuka mota za pampu na feni mtaani kwako anaweza kusuka koili ya magneti, na akiwa makini inaweza kushinda kopi ya dukani. Akiwa mvivu itakurudia baada ya mwezi.

Mtofautishe kwa maswali matatu. Je, atahesabu mizunguko ya waya wa zamani anapoufungua, au ataijaza kwa macho? Waya wake una unene uleule? Na akimaliza, ataitia vanishi na kuikausha kwa joto, au ataipaka tu? Waya usioshikwa na vanishi unatetemeka pamoja na injini, unajisugua, rangi yake inatoka, na unashoti. Kama koili zako zinaogelea kwenye oili ya injini, vanishi isiyofaa itayeyuka pia, na utaikuta kwenye chujio.

Jambo jingine la kuamua ni koili ipi imekufa. Kwenye sahani moja, yaani bamba linaloshika koili zote, kunaweza kuwa na koili nene za chaji na taa, na moja yenye waya mwembamba kama unywele, mizunguko mingi mno, ambayo ni ya CDI. Zile nene zinasukika vizuri. Ile nyembamba, mimi sishauri. Waya unakatika mkononi mwa fundi, na ukipona kukatika huna uhakika wa hesabu. Hiyo nunua sahani mpya nzima.

Sahani iliyotumika kutoka pikipiki iliyopata ajali ni chaguo zuri kuliko watu wanavyodhani, mradi uipime omu zake kabla ya kutoa pesa na uinuse. Ndiyo, uinuse. Koili iliyoungua ina harufu ya plastiki chungu isiyosahaulika, hata baada ya kuoshwa kwa petroli.

Kwa vyovyote, magneti itolewe kwa pula yake, kile kifaa cha kuivuta itoke. Nyundo inapasua sumaku, au inavunja kile kipande kidogo cha chuma kinachoshikilia magneti kwenye shafti, kisha taimingi inahama na unaanza ugonjwa mwingine kabisa. Usisahau bei ya gasketi ya kava na oili itakayomwagika, kwa sababu ndizo zinazofanya koili "ya bei nafuu" ikaribiane na og.

Wakati mwingine hakuna cha kununua

Nimeona pikipiki ambayo kila kipimo ni kizuri na bado betri inakufa. Ilikuwa na spotilaiti mbili za LED za wati 20, redio yenye spika chini ya siti, kichaji cha simu, na taa za rangi chini ya tangi. Jumlisha: spotilaiti 40, redio 20, simu 10, ukiongeza taa ya nyuma na rangirangi unakaribia wati 80, yaani ampea sita na ushee. Magneti ya pikipiki ndogo haitoi hivyo ukiwa kwenye foleni, na sehemu ya umeme wake inaliwa na taa kubwa. Kijana yule alikuwa anataka betri ya Ah 9. Nilimshauri azime redio akisimama. Alinitazama kama nimemtukana mama yake.

Upande wa usiku kuna alamu na vifaa vya GPS, hasa kwenye pikipiki za mkopo. Kifaa kinachovuta miliampea 30 kinakula karibu Ah 0.7 kwa siku, kwa hiyo betri ya Ah 5 haimalizi wiki nzima pikipiki ikiwa imelala. Kupima, zima swichi, fungua hasi ya betri, weka mita kwenye ampea 10 kati ya kichwa cha hasi na waya wake. Usiguse selfu hapo, itaondoka fyuzi ya mita au mita yenyewe. Pikipiki isiyo na vikorombwezo inatakiwa isome karibu na sifuri. Kama ni GPS ya aliyekukopesha, usiikate. Mpigie umweleze, na ukisafiri wiki mbili mwachie mtu awe anaiwasha na kuizungusha mtaa.

Mimi ningechagua hivi

Anayepeleka chakula usiku mjini, taa zimewashwa muda wote, foleni nyingi: rektifaya og kwanza, balbu za nyuma na za indiketa awe amebadilisha kuwa LED pamoja na rilei inayopepesesha indiketa, na betri kavu. Rilei ya zamani ikibaki, indiketa zitapepesa kwa kasi ya ajabu.

Aliye kijijini, anapiga kiki, fundi wa karibu ni kilomita 40: betri ya maji, koili ya kusuka kama fundi anajulikana, na soketi zote zilehemiwe. Selfu isipofanya kazi hana shida kubwa, mradi CDI yake inalishwa na magneti.

Mwenye kuajiri dereva ana tatizo lake: haioni pikipiki. Kwake ningefunga kile kichaji cha USB chenye kioo cha volti, na kumwambia dereva apige picha ya namba kila Jumamosi, injini ikiwaka.

Namba zangu za mistari mitatu ya kwanza ya jedwali nimeziandika kwa kalamu ya wino kwenye tepu, chini ya siti: 12.7, 10.4, 14.1, na tarehe. Jana zilikuwa 12.6, 10.3, 14.1. Betri hiyo ina mwaka wa tatu sasa, na pale nilipounga kwa lehemu hapajaungua tena.